Furu wa Ziwa Victoria: mwongozo kamili wa kuchunguza mageuko yake na kumlinda, kuanzia Mwanza

Nenda mwalo wowote wa Mwanza alfajiri, uwe Igombe, Kayenze au Kirumba. Utakuta sangara wako kwenye mizani, dagaa wanaanikwa, sato wanagombewa. Pembeni, ndani ya ndoo, kuna samaki wadogo wa urefu wa kiganja ambao hakuna anayewapigia bei: furu. Wengine wataishia kikaangoni, wengine watatiwa kwenye ndoano za migonzo kuwa chambo cha sangara. Mwanaikolojia akiiona ndoo hiyo asiipite. Huenda ndani yake mna spishi nne au tano ambazo hazipo katika ziwa jingine lolote duniani.

Mwongozo huu ni kwa kijana aliyesoma biolojia, uvuvi au mazingira na anataka kufanya utafiti wake wa kwanza hapa ziwani. Katika kila hatua nitarudia jambo moja. Kwetu huwezi kuweka mageuko ya samaki kwenye daftari moja na uhifadhi kwenye daftari jingine. Mwanga unaopenya majini ni mojawapo ya nguvu kubwa zilizowatenga furu wakawa spishi mbalimbali, na maji yakichafuka mwanga huo unazibwa na spishi zinayeyukiana. Ukipima uangavu wa maji umepima mambo yote mawili.

Ujue kwanza ziwa lenyewe

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kikubwa ni mita 80 hivi tu. Ukilinganisha na Tanganyika, hili ni sinia. Miaka 15,000 hivi iliyopita, enzi ya ukame mkali, sinia hili lilikauka, kisha likajaa tena. Leo lina, au lilikuwa na, spishi zaidi ya 500 za furu wasiopatikana penginepo. Ni vigumu kumtaja mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyegawanyika kwa kasi hiyo.

Kasi hiyo iliwatatiza wanasayansi kwa muda mrefu. Mwaka 2017 uchambuzi wa jeni ulionyesha kwamba mababu wa furu wa ukanda huu walikuwa machotara: ukoo mmoja wa upande wa Kongo ulikutana na mwingine wa upande wa Nile ya juu, wakazaliana. Uzao wao ulipata hazina kubwa ya jeni mchanganyiko, na ziwa lilipojaa upya hazina hiyo ikachambuliwa kwa namna mamia. Mwaka 2023 ukatoka ushahidi mwingine, safari hii kutoka kwenye tope la sakafu ya ziwa. Meno ya samaki yaliyozikwa humo yalionyesha kuwa furu hawakutangulia kufika wakajichukulia nafasi zote. Samaki wa jamii nyingine walikuwepo tangu mwanzo, ila furu ndio waliogawanyika.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akakaa kimya kwa muda, na katika miaka ya 1980 akafumuka. Bahati njema, tangu 1977 kulikuwa na timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, iliyokuwa ikihesabu na kuelezea furu wa Ghuba ya Mwanza. Kwa hiyo tuna kumbukumbu za kabla na za baada. Spishi zinazokadiriwa kufika 200 zilitoweka. Sangara hakuwa peke yake katika hilo. Mbolea, udongo na maji taka vilirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani ukaongezeka, na maji ya kina yakapungukiwa oksijeni.

Sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu walirejea, lakini hawakurejea walivyokuwa. Haplochromis pyrrhocephalus, aliyekuwa mla viumbe wadogo wanaoelea majini, alirudi na matamvua makubwa zaidi na akaanza kula mawindo makubwa kuliko zamani. Mabadiliko hayo ya mwili yalitokea ndani ya miongo michache, wakati watu wakiyapima. Wengi husoma kuhusu mageuko kupitia mifupa ya kale. Wewe unaweza kuyasoma kutoka Butimba, hapahapa Mwanza.

Hatua ya kwanza: swali dogo

Usiandike “Bioanuwai ya samaki wa Ziwa Victoria.” Hiyo ni kazi ya taasisi nzima kwa miaka ishirini. Andika swali linalotosha kisiwa kimoja au vitatu, mtumbwi mmoja na miezi kumi na miwili. Mfano mzuri ninaoupendekeza kwa kila anayeanza ni huu: je, furu wekundu na furu wa bluu wa kisiwa hiki bado wamejitenga, au wameanza kuchanganyika?

Swali hilo lina historia nzuri, na lina jina la Kiswahili ndani yake. Jenasi inaitwa Pundamilia kwa sababu ya mistari ya samaki wenyewe. Dume la Pundamilia pundamilia ni la bluu-kijivu. Dume la Pundamilia nyererei lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, na lilipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, mwaka uleule aliong’atuka. Majike wa spishi zote mbili wana rangi hafifu, na ndio wanaochagua. Penye maji maangavu mwekundu hukaa chini zaidi na wa bluu hukaa juu. Kadiri unavyoshuka katika maji yetu, mwanga wa bluu huisha mapema na mwekundu hubaki, na furu wa chini wana aina ya jeni ya jicho inayoona wekundu vizuri zaidi. Jike wa chini huona madume wekundu vizuri, huwachagua, na ukoo wao unajitenga. Ndani ya maabara, majike walipowekwa chini ya taa ya rangi ya chungwa inayofuta tofauti za rangi, waliacha kubagua.

Sasa fikiria ziwa lote likiwekwa chini ya taa hiyo, kwa tope na mwani. Hapo ndipo swali la mageuko linapogeuka kuwa la uhifadhi.

Hatua ya pili: vibali na salamu

Sehemu hii huwachosha vijana, lakini ukiikimbia utarudishwa. Mgeni kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mtanzania aliye chuoni kwa kawaida huanzia kwenye barua ya chuo chake. Barua hiyo huenda mkoani, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Ukitaka kufanya kazi ndani ya hifadhi ya taifa, kama Saanane au Rubondo, ruhusa yake ni ya peke yake, na taratibu hizo zinapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Kuna barua moja ambayo wengi huisahau: ya Idara ya Uvuvi kuhusu nyavu. Furu ni mdogo, kwa hiyo utahitaji nyavu za macho madogo kuliko yanayoruhusiwa kwa wavuvi. Bila barua mkononi, doria ikikukuta wewe ni mvuvi haramu kama wengine, na wana haki kukuona hivyo. Itembeze ndani ya mfuko wa plastiki, asili na nakala. Kabla ya hayo yote pita TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Nyegezi, ueleze unachotaka kufanya. Watakuambia nani alishakifanya, na hilo pekee laweza kukuokolea mwaka.

Mwaloni, anza na uongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Fika bila vifaa siku ya kwanza. Salimia, kaa kwenye benchi, eleza kwa Kiswahili cha kawaida unatafuta nini, na useme wazi kwamba hukutumwa kukamata nyavu za mtu. Kisha uliza. Mzee mmoja wa mwalo alinishikia furu wawili ambao mimi niliwaona sawa kabisa, akaniambia, “Mwanangu, huyu ni wa mawe, huyu ni wa mchanga. Mtazame mdomo.” Alikuwa sahihi, na nilitumia wiki mbili za hadubini kufika pale alipofika yeye kwa kutazama tu.

Hatua ya tatu: kuchagua vituo

Tafuta mteremko wa uangavu. Ghuba ya Mwanza inakupa mteremko huo bure: mdomoni maji yanakutana na ziwa pana, na kadiri unavyoingia kusini yanazidi kuwa na tope. Watafiti waliotangulia walitumia visiwa vya mawe. Makobe, upande wa Ghuba ya Speke, uangavu wake (yaani kina ambacho sahani ya kupimia bado inaonekana) ulizidi mita 2. Python na Kissenda, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ulikuwa chini ya mita 1. Luanso, kusini kabisa, ulikuwa nusu mita hivi. Makobe wekundu na wa bluu walijitenga vizuri. Luanso walikuta kundi moja lililochanganyika. Uchambuzi wa baadaye wa jenomu ukaongeza jambo la kushangaza: wekundu na wa bluu wa Python na Kissenda hawakuja tu kutoka Makobe wakabaki vilevile. Inaonekana walichanganyika kwanza, kisha wakajitenga upya.

Chagua vituo vitatu, visizidi: kimoja cha maji maangavu, kimoja cha kati, kimoja cha tope, vyote vya mawe. Usilinganishe kisiwa cha mawe na ufuko wa mchanga halafu ukasema tofauti ni uangavu. Chukua alama za GPS za kila jiwe unalotega, na uandike pia kwa maneno: “upande wa mashariki, jiwe lililopasuka, mkabala na mti mkubwa.” Simu huzama. Jiwe litakuwepo mwakani.

Hatua ya nne: sahani nyeupe na kamba

Kifaa muhimu kuliko vyote katika kazi hii unaweza kutengenezewa na fundi wa bati: sahani ya Secchi. Kata duara la chuma la kipenyo cha sentimita 20, gawa robo nne, paka nyeupe na nyeusi kwa kupishanisha, toboa katikati na ufunge kamba isiyorefuka ikilowa. Tia alama kila sentimita 10.

Pima kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, upande wa kivuli cha mtumbwi, bila miwani ya jua. Shusha hadi sahani ipotee, soma. Pandisha hadi ionekane, soma. Wastani wa namba hizo mbili ndio uangavu. Rudia mara tatu, na ikiwezekana mtu yuleyule apime mwaka mzima, maana macho hutofautiana. Andika hali ya upepo na mawingu, na kama mvua ilinyesha jana. Baada ya mvua kubwa utaona jinsi mashamba ya mlimani yanavyofika ziwani ndani ya siku moja.

Ukipata mkopo wa mita ya oksijeni na joto, pima kila mita moja hadi sakafuni. Usipopata, usiahirishe kazi. Mwaka mzima wa vipimo vya sahani kutoka kituo kimoja una thamani kuliko siku moja ya mashine ya bei kubwa.

Hatua ya tano: kuvua kidogo, kwa upole

Kwa furu wa mawe tumia ndoano ndogo yenye nyungunyungu, pamoja na vipande vifupi vya nyavu za macho ya inchi 1 hadi 2. Tega kwa kina kinachojulikana: mita 1, mita 3, mita 5. Kina ndicho nusu ya data yako, kwa hiyo samaki asiyejulikana alitoka kina gani ni samaki nusu. Nyavu zisikae usiku kucha. Saa moja au mbili zinatosha, la sivyo utavuna maiti usizozihitaji.

Vuta polepole. Samaki akipandishwa haraka kutoka kina kirefu bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, hujaa hewa, tumbo linavimba na anaelea asiweze kurudi. Mimi sizidishi madume 30 wa kila aina kwa kituo kimoja kwa msimu. Jike mwenye koo lililovimba ana mayai au vifaranga mdomoni, kwa sababu furu wetu hulea watoto mdomoni. Mrudishe hapohapo, kwa maana akishtuka atawatema.

Kuhusu usalama wako niseme bila kuzunguka. Vaa jaketi la kujiokoa muda wote, hata kama nahodha anakucheka. Ziwa hili linageuka haraka, kwa hiyo ondoka mapema na usikilize utabiri wa hali ya hewa. Usitembee kwenye maji ya ufukweni penye majani bila sababu: kichocho kipo. Pima afya baada ya msimu, dawa yake inajulikana.

Hatua ya sita: picha, pezi, lebo

Rangi ya furu hufifia dakika chache baada ya kutoka majini, kwa hiyo picha ni ya mtumbwini au ufukweni, si ya maabara. Tengeneza sanduku dogo la kioo, tia maji ya ziwa, mbane samaki taratibu upande wa kioo kwa kipande cha plastiki hadi mapezi yatandazike. Piga ubavu wa kushoto kila mara, na rula na kadi ya rangi vionekane.

Ili atulie, tumia mafuta ya karafuu. Hayachanganyiki na maji moja kwa moja, kwa hiyo yayeyushe kwanza kwenye alkoholi kidogo, kisha tia matone machache kwenye ndoo. Baada ya picha, kata kipande kidogo cha pezi la ubavu wa kulia, tia kwenye kichupa cha alkoholi ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA. Samaki wengi wanaweza kurudi ziwani baada ya hapo, wakishazinduka kwenye maji safi.

Wachache utakaowahifadhi mwili mzima hukaa kwanza kwenye formalini ya asilimia 10, kisha huoshwa na kuhamishiwa alkoholi ya asilimia 70. Formalini ni sumu: vaa glovu, fanya kazi penye hewa, na usimwage hata tone ziwani.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iwekwe ndani ya kichupa pamoja na sampuli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino juu ya vichupa. Alkoholi ilivuja kidogo safarini, na nilipofungua boksi nilikuwa na vipande 40 vya mapezi bila jina wala mahali. Samaki wale walikatwa bure, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hatua ya saba: kumtambua na kumpa alama

Usitegemee kipimo rahisi cha DNA cha jeni moja, kile kinachotumika kutambua spishi za samaki wengi duniani. Furu wetu ni wachanga mno, na spishi tofauti hushiriki mfuatano uleule. Utahitaji jenomu pana, na hiyo ni ya kushirikiana na maabara kubwa baadaye. Kwa sasa tumia macho.

Tazama umbo la kichwa na mdomo, meno ya taya la nje, na yale mataya ya pili yaliyo kooni: mla konokono ana meno mapana ya kusaga, mla wadudu ana membamba. Utumbo mrefu uliojikunja ni wa mla mwani, mfupi ni wa mla nyama. Madume wana madoa ya njano au chungwa yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia, na ukubwa na idadi yake vinafaa kuandikwa.

Kisha fanya kazi ninayoipenda kuliko zote. Panga picha zote za madume bila kujua zimetoka kituo gani, na uwape alama kuanzia 0 hadi 4: 0 ni wa bluu kabisa, 4 ni mwekundu kabisa, katikati ni mchanganyiko. Mwombe mwenzako afanye vilevile peke yake, mlinganishe. Chora idadi ya samaki kwa kila alama, kituo kwa kituo. Ukipata vilima viwili, kimoja kila upande na bonde katikati, spishi zimejitenga. Ukipata kilima kimoja katikati, zimechanganyika. Weka mchoro huo pembeni ya uangavu wa kila kituo, na nusu ya tasnifu yako imeshajiandika. Hesabu za kuthibitisha fanya kwa programu ya R, isiyolipiwa.

Tahadhari moja: kilima kimoja chenye samaki kumi hakithibitishi kitu. Ongeza misimu kabla ya kutangaza kwamba spishi imeyeyuka.

Hatua ya nane: data iende kwenye ulinzi

Matokeo yako yana wasomaji wanne, na jarida la kimataifa ni mmoja tu. Halmashauri inahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema uangavu umeshuka wapi na udongo unatoka wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ramani yako inaweza kuonyesha ni wapi mita hizo zimelimwa na mafunjo yaliyokuwa yakichuja tope yamefyekwa.

Wafugaji wa samaki kwenye vizimba wanahitaji kusikia jambo jingine. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki ni mbolea majini. Kwa maoni yangu vizimba visiwekwe karibu na visiwa vya mawe, kwa sababu mawe ndiyo kimbilio ambamo sangara hawindi kirahisi na ambamo furu wengi walinusurika. Hapa sisemi vizimba vifungwe. Nasema mahali pake papimwe kwanza.

BMU wanahitaji picha. Chapisha bango kubwa la furu uliowapata, kila mmoja na jina la kisayansi na jina ambalo wavuvi wenyewe walikupa, libandikwe mwaloni. Nilipobandika la kwanza, wavuvi walianza kuniletea samaki ambao hawakuwemo, wamefungwa kwenye mfuko wenye maji, na maelezo ya kina na jiwe. Watatu kati ya hao sikuwa nimewahi kuwapata kwa nyavu zangu.

Nakala ya data na picha zote iache TAFIRI au chuoni kwako kabla hujaondoka, pamoja na daftari la vituo. Halafu weka tarehe ya kurudi: mwezi uleule, jiwe lilelile, saa tatu asubuhi, na sahani yako.